Mbiu Iliyopigwa kwa Shahidi Mmoja

Wanangu, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa pumzi ya kupuliza pembe miaka mingi, kisha akanibakishia kidogo ya kuwatania ninyi. Si wapiga mbiu wengi waliofika umri huu wakiwa na meno. Mimi ninayo manane, nayo yananitosha kwa mkate uliotiwa majini.

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu. Nadhani mliomba kwa adabu tu, kama mtu anavyomwuliza mgonjwa amelalaje. Lakini kosa ni lenu. Mzee akishaulizwa hanyamazi.

Nawaona kila siku baada ya sala ya alasiri mmejazana mbele ya mlango wa forodha, pale serikali inapobandika karatasi zake. Mmoja wenu anayezijua herufi za Kizungu husoma, kumi husikiliza, ishirini hutawanyika mjini. Juzi karatasi ilisema vita vya Wazungu vimekwisha. Habari ilipofika msikiti wa kwanza, vita vilikuwa vimekwisha na Mjarumani ameomba radhi. Ilipofika Langoni, Mjarumani alikuwa amesilimu. Ilipofika kwangu mtaa wa Mkomani alikuwa amekwisha tahiriwa na anatafutiwa mke. Nilipomwuliza aliyeniletea habari hiyo kama ameiona karatasi yenyewe, akasema hapana, lakini aliyemwambia ni mtu wa kuaminika. Nikamwuliza huyo naye aliiona? Akaniangalia kama nimemtukana mamake.

Siwalaumu. Kabla ya karatasi kulikuwa na mimi, nami nilifanya makubwa kuliko hayo, tena kwa pembe.

Mbuzi aliyepotea, maiti anayekwenda kuzikwa, kisima kitakachosafishwa kesho, amri ya Liwali, amri ya Mzungu wa serikali, hukumu ya kadhi, vyote vilipita mdomoni mwangu. Aliyenifundisha ni Mzee Athmani, ambaye alipiga mbiu tangu zamani za masultani mpaka mabega yakapinda. Mwaka wa kwanza hakuniruhusu kusema neno hata moja. Nilikuwa napuliza, yeye anasema. Nilipomwuliza lini nitasema, akanijibu, "Mbiu ina midomo miwili. Mmoja wa aliyekutuma, mmoja wako. Wako ni wa kupulizia tu."

Nililisikia neno hilo kama mnavyosikia ninyi maneno ya wazee. Liliingia huku likatokea huku.

Kupuliza pembe ya nyati si nguvu ya mashavu. Anayejaza mashavu hutoa sauti ya ng'ombe mwenye kikohozi. Pumzi itoke tumboni, midomo ibane kama mtu anayetema kokwa ya tende. Tundu la pembe lipakwe mafuta ya uto kidogo, hasa Ramadhani, maana huwezi kulilowesha kwa mate huku umefunga ukajiamini. Usisimame chini ya wikio, pale nyumba mbili zinapoungana juu ya njia, kwa kuwa sauti hupanda pale ikakaa kama popo. Simama penye njia panda, upepo uwe mgongoni. Ukimaliza kupuliza ngoja punda wamalize nao, kwa kuwa punda wa mji wetu huu wa Amu hawajapata kusikia pembe wakanyamaza. Kisha mtaje aliyekutuma, sema ulilotumwa, rudia mara tatu, ondoka. Wanawake wamo ndani, nyuma ya kuta zenye unene wa dhiraa. Mara ya kwanza wanasikia kuna mtu, mara ya pili wanajua ni wewe, mara ya tatu ndipo wanaposikia neno.

Na usirembe. Hili nalo nilijifunza kwa kichwa changu. Mzungu wa serikali aliamuru taka zisitupwe njiani. Mimi, niliyekuwa nimesoma chuoni vitabu viwili vitatu, nikaona amri hiyo ni kavu mno. Nikaanza na sifa za usafi, nikaja kwenye udhu, nikazungukia fadhila za kuondoa mwiba njiani. Kabla sijafika kwenye taka zenyewe, mama mmoja akamimina karai la magamba ya samaki kutoka darini, likanishukia mimi na pembe yangu. Nikaenda kwa Mzee Athmani nikinuka, nikamshtaki yule mama. Mzee akasema mama hana kosa. Alisikia mwanzo akadhani ni waadhi, basi akaendelea na kazi zake.

Siku niliyotumwa kutangaza kwamba Wazungu wameingia vitani, mtu mmoja alinisimamisha akaniuliza wanagombea nini. Nikamwambia, "Hilo sikutumwa." Katika maneno yote niliyosema kazini, hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Lakini sikuzaliwa nalo. Nililipata miaka michache kabla ya vita hivyo, kwa njia ambayo wazee wa Mkomani bado wanaicheka nikipita. Sasa nitawasimulia, ili mkinicheka mcheke kwa haki.

Ilikuwa siku ya thelathini ya Ramadhani. Jana yake, jioni, wingu lilitanda magharibi na hapana mtu Amu aliyeuona mwezi. Kadhi akaamua tukamilishe thelathini, nami nikatangaza hivyo, mara tatu, upepo mgongoni, kama nilivyofunzwa. Asubuhi tulikuwa tumefunga sote, tumechoka, kila mtu akihesabu saa.

Yapata saa nne nilikuwa gatini, pembe begani. Ikaja mashua kutoka Mbwajumali, kisiwani Pate, imepakia kuku. Akashuka Bwana Lali, mkulima wa tumbaku niliyemjua kidogo, mtu wa maneno mengi. Nyuma yake alishuka mzee mwingine, akaelekea njia ya kijiji cha Shela bila kusalimu mtu. Lali akaniangalia midomo yangu iliyokauka kwa saumu, akatabasamu.

"Bwana Mbiu," akasema, "watu wa Amu mwafunga hata siku ya Idi? Mwezi tumeuona yana kwa mato yetu. Au nyinyi mwangoja uwaletee barua?"

Nikamwuliza waliouona jana kwa macho yao ni wangapi. Akasema yeye na jirani yake Omari, yule aliyeelekea Shela kumwamkia bintiye. Wengine kijijini walikuwa ndani, na mwalimu wa chuo chao amewatuma waje kwa kadhi.

Hapo, wanangu, palikuwa na njia mbili. Moja ilikwenda kwa kadhi, mwendo wa kukaanga yai. Nyingine ilikwenda kichwani mwangu. Nami nilikuwa na elimu, nusu. Nilijua kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu. Nilijua kwamba sala ya Idi wakati wake ni mpaka zawali, jua lipinduke. Nilijua kwamba Ramadhani huingia kwa shahidi mmoja mwadilifu. Nikaona mji mzima umo katika haramu, sala inapita, na mwenye pembe ni mimi. Tena niseme kweli, maana naandika haya karibu na kaburi: niliona vilevile kwamba mwaka huu habari ya Idi itatoka kinywani mwangu kabla ya kinywa cha mtu yeyote. Kwa hiyo sikwenda kwa kadhi. Nikasimama penye njia panda, upepo mgongoni, nikapuliza.

Nikasema mwezi umeandama, leo ni Idi, fungueni. Mara tatu. Nikaenda njia panda ya pili, na ya tatu. Mkomani ikafunguka kama gunia lililokatwa kamba. Nikasikia milango, nikasikia vicheko, nikasikia mchi ukitwanga kwa haraka. Nyumba moja mume alikuwa darini akisema haamini mpaka asikie kadhi, mkewe chini amekwisha teleka, na harufu ikawa inapanda ngazi kumbembeleza. Mimi mwenyewe sikupata hata tone la maji. Nilikuwa na kazi.

Mlango wa mwisho niliopita ulikuwa wa Bi Faida, aliyeuza mikate ya mofa kibarazani kwake. Lazima mumjue Bi Faida. Zamani alikuwa mtumwa katika nyumba moja kubwa. Ile siku serikali ilipoamuru kwamba mahakama hayatamrudisha tena mtumwa kwa bwana wake, niliyepita na amri hiyo ni mimi. Alikuwa kwenye kinu. Aliacha mchi ukiwa ndani, akaja mlangoni, akaniomba nirudie. Nikarudia mara tatu. Akaniomba mara ya nne. Kisha akaingia ndani akajitanda shuka yake, akatoka, na hakurudi kwenye kinu kile. Tangu hapo akisikia pembe yangu huacha lolote alilo nalo. Ramadhani ile alikuwa amefunga siku zote na homa mwilini, na majirani wamemshauri ale na yeye anakataa. Nilipopita nikamwona keshaketi kibarazani, kikombe cha maji mkononi, anakunywa polepole, amefumba macho.

Kabla sijafika kwangu nikaitwa na kadhi.

Kadhi wa siku hizo alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alikuwa ameketi mkekani, na Lali yupo mbele yake, kuku wawili wamefungwa miguu ubavuni. Kadhi akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamweleza yote: haramu, zawali, shahidi mmoja mwadilifu. Nilieleza vizuri sana. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Mwezi wa kuingia, shahidi mmoja," akasema. "Mwezi wa kutokea?"

Wanangu, nilijua jawabu. Nililijua tangu chuoni, nililiandika kwa mkono wangu juu ya ubao. Kuitoa Ramadhani kunataka mashahidi wawili. Lilikuja lote kwa mara moja, kama lile karai la magamba.

"Wawili, Sheikh," nikasema.

"Huyu mmoja. Omari yuko Shela. Nenda ukamlete kabla ya alasiri. Akishuhudia, leo ni Idi na kosa lako ni baina yako na mimi. Asiposhuhudia, wote waliokula kwa neno lako wanalo deni la siku moja, na wewe ndiwe uliyewaingiza. Usimwambie anaitiwa nini. Usimtie neno mdomoni. Mwambie kadhi anakwita, basi."

Nikaenda Shela kwa miguu, jua la saa sita, mchanga unaunguza, koo limekauka kwa kupiga mbiu ya watu kula. Nikamkuta Omari ameketi kwa bintiye, ameegemea ukuta. Mzee mkavu, mrefu, kanzu safi. Nikamwambia kadhi anakuita. Akaniuliza la nini. Nikasema sikutumwa kusema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kusema neno hilo, nalo liliniuma kama jino.

Tukarudi kwa ufuo. Mimi ambaye kazi yangu ni kutangaza, nikatembea kutoka Shela mpaka Amu na habari kubwa kuliko zote tumboni, mdomo nimefunga. Omari naye hakuufunga wake hata hatua kumi.

"Ni mbuzi, siyo?" akasema. "Lali amenishitaki kwa yule mbuzi."

Nikanyamaza.

"Mbuzi wake ndiye aliyeanza. Alikula miche yangu ya tumbaku, mstari mzima. Nami nikamfunga, sikumpiga."

Nikanyamaza.

"Maziwa nalimkamua kwa kumhurumia. Mbuzi asipokamuliwa huumwa. Kadhi hayui mambo ya mbuzi?"

Tulipofika nusu ya njia alikuwa amekwisha kiri maziwa ya mwezi mzima na mwanambuzi mmoja ambaye sikujua habari zake. Nami nikamshukuru Mungu kwamba mimi si kadhi. Kitu kimoja nilikiona bila kukitia maanani. Kila palipokuwa na jiwe au kamba ya mashua aliniwekea mkono begani, akasema miguu imechoka.

Kadhi alimtoa Lali nje kwanza. Alikuwa keshamwuliza na kuandika majibu yake: mwezi ulikuwa umelala chali juu ya minazi, mkono wa kushoto wa mahali jua lilipozama, mwembamba kama ukucha. Sasa akamweka Omari mbele yake, akamkumbusha Mungu na siku ya hesabu, akamwuliza, "Yana jioni, mwezi uliuona?"

Omari alikuwa ametumaini njia nzima kwamba ni mbuzi. Nilimwona uso ukibadilika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na namwambia Mungu moyoni: aseme ndiyo, aseme ndiyo tu, mimi sitapiga tena mbiu isiyotumwa mpaka nife. Nilikuwa namsukuma kwa macho. Lakini yeye hakuniangalia.

"Sheikh," akasema, "mimi mwezi sijauona huu mwaka wa tatu."

Kadhi akaweka kalamu chini.

"Mato yameingia ukungu. Kijijini hawayui. Kila mwaka mimi ndimi nalokuwa wa kwanza kuuona, na watu wakinisifu. Yana Lali aliponyosha kidole nikasema nauona. Kisha nikaona haya kuwa wa pili, nikasema naliuona kabla yake. Tukagombana mashuani ndia nzima, nani wa kwanza. Tulipofika hapa nikakimbilia kwa binti yangu. Kusema uongo kwa Lali naliweza. Kwa kadhi nimeshindwa."

Nilimkasirikia Omari kwa muda wa pumzi moja. Pumzi ya pili niliona kwamba yule mzee asiyeona, mbele ya watu, amefanya jambo ambalo mimi mwenye macho sijalifanya bado.

Kadhi akamshika mkono, akamwambia Mungu amlipe kwa ukweli wake, na habari ya macho yake haitatoka katika chumba kile. (Leo naitoa mimi kwa kuwa Omari ametangulia, na kabla hajatangulia alinipa ruhusa, akicheka.) Lali akaitwa, akaambiwa yeye aliyeuona mwezi kwa macho yake leo kwake ni Idi, asifunge, lakini ale mahali pa siri asiwavunjie watu heshima. Basi siku ile Amu nzima ilikuwa na Idi ya mtu mmoja, aliyejificha nyuma ya ghala na kuku wake.

Mimi nikaiweka pembe mkekani. Nilidhani hayo ndiyo yanayotakiwa. Kadhi akaisukuma kwa ncha ya bakora, ikarudi miguuni mwangu.

"Unamwachia nani akakurudishie maneno yako? Ichukue. Njia panda zile zile. Ukimaliza, uniletee."

Nikaenda. Wanangu, kupiga mbiu kuna uzito, lakini kuirudisha ni kubeba boriti ya mkoko peke yako. Nikapuliza, nikangoja punda, nikasema: Mimi niliwaambia asubuhi leo ni Idi. Hapana aliyenituma. Kadhi anasema leo ni Ramadhani. Waliokula wajizuie mpaka magharibi na walipe siku moja. Waliofunga, Mungu awakubalie. Kosa ni langu. Mara tatu.

Bwana mmoja aliyekuwa juu ya pilau alichungulia dirishani akaniuliza tonge lililo mkononi lina hukumu gani. Nikamwambia aliteremshe. Akauliza lililo kooni je? Nikasema hilo limeshatangulia mbele ya haki. Yule mume aliyekataa kuamini aliteremka ngazi mzima mzima kunipa mkono, huku mkewe nyuma yake ananitazama kama aliyeniuzia samaki mbovu. Wanawake nyuma ya madirisha walicheka mpaka wakakohoa. Mmoja akasema, "Bwana Mbiu, kesho Idi ikiwa kweli, tutumie na shahidi wa pili." Nilivumilia. Kicheko cha jirani ni dawa chungu, lakini ni dawa.

Kwa Bi Faida hakukuwa na kicheko. Alisimama mlangoni, akanisikiliza mara zote tatu. Sikuomba niishie mara ya pili, ingawa nilitamani. Nilipomaliza akakiokota kile kikombe kibarazani.

"Basi na hili nimelisikia," akasema. Akaingia, akafunga mlango.

Nikampelekea kadhi pembe. Akaipokea, akaitia rafuni penye vitabu vyake. Akaniambia hivi: kila nyumba iliyokula kwa neno langu nikaiulize italipa lini, na siku itakayolipa nami nifunge nayo. Nyumba ya mwisho ikilipa, pembe ni yangu tena. Mwisho ni nusu ya Shaabani, maana baada ya hapo mtu hafungi sunna bila sababu, na saumu zangu mimi ambaye sikula siku ile ni sunna. Ikipita nusu na nyumba moja imebaki, pembe atapewa mwingine.

Nikatoka pale sina kazi, nina orodha ya milango. Mzee Athmani akatolewa kitandani kushika nafasi yangu. Alipuliza kwa meno mawili, ikatoka sauti ya birika, na watu walisikia vizuri kuliko zamani kwa kuwa walinyamaza wapate kucheka.

Mkomani walipojua sharti langu, walifanya waliyoyafanya. Nilidhani watalipa wote siku moja. Loo, watu wa Amu. Nyumba ya kwanza ililipa Jumatatu, ya pili Alhamisi, ya tatu wiki ya pili siku ambayo jirani yao ana harusi na biriani imepikwa mlango wa pili. Yule bwana wa pilau alingoja siku ya joto kali kuliko zote, akanitumia salamu alfajiri: leo ndiyo yetu. Nilifunga Mfunguo Mosi, mwezi unaoifuata Ramadhani, nikafunga Mfunguo Pili, nikafunga mwezi wa Maulidi watu wakila halua. Nguo zikanipwaya. Mke wangu akasema ameolewa na mpiga mbiu na sasa analala na pembe yenyewe. Lakini kila nyumba niliyofunga nayo iliniita kufuturu, nikaketi nao, wakanitania, nikala. Ilipofika Rajabu hapakuwa na nyumba Mkomani ambayo sijala chumvi yake. Hilo namshukuru Mungu. Nisingelipata kwa kupiga mbiu sawasawa maisha yangu yote.

Ikabaki moja.

Nilikuwa nimemwuliza Bi Faida tangu Idi ilipopita. "Bado, Bwana," akasema, "nangoja homa itoke vizuri." Nikamwuliza Mfunguo Tatu. Bado, Bwana, ana mikate ya watu. Mfunguo Sita, bado. Rajabu yote, kila Ijumaa baada ya sala, nilisimama kibarazani kwake. Alikuwa hajanuna. Ananipa salamu, ananiuliza watoto, ananipa mkate, kisha, bado. Watu wakaniambia huyu anakulipiza, atakungoja nusu ya Shaabani ipite. Mzee Athmani akaniambia niende kwa kadhi nikamshtaki. Nikafikiri. Mtu aliyeliamini neno langu kuliko mji wote, nikamlisha Ramadhani na homa yake, leo nikamshtaki kwa kuchelewa? Nikasema pembe ikienda, na iende.

Siku ya kumi na nne ya Shaabani nilikwenda mara ya mwisho. Asubuhi, tanuri yake bado ina moto. Nikamwambia, "Bi Faida, sikuja kukuharakisha. Kesho muda wangu unakwisha. Nimekuja kukuomba radhi ya siku ile, maana nilitangaza kosa langu kwa mji mzima, lakini wewe peke yako sijakuomba."

Alikuwa anabandua mkate ukutani mwa tanuri. Akaubandua, akauweka juu ya kitambaa, akajifuta mikono.

"Siku yangu nalilipa siku ya tatu ya Mfunguo Mosi," akasema. "Kadhi ana habari tangu hapo."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miezi yote ile.

"Nalitaka niyue utauliza hata lini. Wakubwa wengi wamenikosea, Bwana. Hapana aliyerudi mara ya pili."

Akanikunjia ule mkate. Nikamwuliza kama siku hiyo ya tatu ya Mfunguo Mosi sikufunga naye, nitafanyaje na sharti la kadhi. Akasema kadhi ameridhia hivi: kesho yeye atafunga sunna yake ya katikati ya Shaabani, kama anavyofunga kila mwaka, na mimi nifunge naye, na magharibi nije na mke wangu.

Tukafuturu kwake, sisi watatu, mkate wa mofa na maji ya kisimani. Kadhi alituma pembe kabla hatujanawa mikono, imepakwa mafuta ya uto. Nikaiweka mapajani. Nikamwuliza Bi Faida, kwa woga kidogo, kama nikipiga mbiu tena ataiamini.

"Nitaiamini," akasema. "Lakini nitatoka mlangoni kwanza nikuulize nani alokutuma."